Queen, George Michael au Celia Cruz: Ni Sarafu Ipi ya Muziki Ikufaayo?

Sarafu ya kumbukumbu ya mwimbaji ina tatizo ambalo sarafu ya rais au ya mfalme haina: uso huchongeka, lakini wimbo hauchongeki. Msanifu aliyepewa duara la chuma lisilofikia sentimita nne kwa upana hana budi kuamua ni kitu gani kitakachomfanya mtazamaji ausikie wimbo kichwani mwake ilhali hakuna sauti yoyote inayotoka. Kwa hiyo anayesita kati ya sarafu kadhaa za aina hii hachagui mwanamuziki tu. Anachagua pia namna wimbo ulivyotiwa kwenye chuma, na papo hapo anachagua madini, bei na kazi ya utunzaji itakayomkalia miaka na miaka.

Sarafu zinazolinganishwa hapa ni tatu. Ya kwanza ni ya pauni 5 ya kundi la Queen, iliyotolewa na Royal Mint, kiwanda rasmi cha kufua sarafu cha Uingereza, mwaka 2020 ikiwa ya kwanza katika mfululizo wake wa magwiji wa muziki. Ya pili inatoka katika mfululizo huohuo, nayo ni ya pauni 5 ya George Michael ya mwaka 2024. Ya tatu ni robo dola ya Marekani ya mwaka 2024 yenye sura ya Celia Cruz, malkia wa salsa kutoka Cuba. Nimeziweka pamoja kwa sababu kila moja imelijibu tatizo la wimbo kwa njia yake, na kwa sababu zinawakilisha mifuko tofauti: mbili ni za kununuliwa kwa makusudi, na moja inaweza kumfikia mtu ikiwa chenji ya kahawa.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya ziada ya kuitazama ile ya kwanza. Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 akiitwa Farrokh Bulsara, na familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Ya tatu nayo haiko mbali nasi kama inavyodhaniwa, kwani Celia Cruz alipanda jukwaani Kinshasa mwaka 1974 pamoja na kundi la salsa la Fania All Stars, katika tamasha lililotangulia pambano la Muhammad Ali na George Foreman.

Vigezo vya kupimia

Kabla ya vigezo vyenyewe kuna swali moja la mlangoni: je, kitu hicho ni sarafu kweli? Mitandaoni huuzwa vipande vingi vya duara vilivyopakwa rangi ya dhahabu, vyenye sura za waimbaji, vikiitwa sarafu ilhali ni medali tu. Sarafu hutolewa kwa mamlaka ya nchi na huwa na thamani iliyoandikwa kwa fedha ya nchi hiyo. Kipande kisichotaja nchi wala thamani ni pambo, hata kikiwa kizuri namna gani na hata kikija na cheti kirefu. Sarafu zetu tatu zote zinavuka kizingiti hiki.

Baada ya hapo nitazipima kwa mambo manne. La kwanza ni wimbo unavyoonekana kwenye chuma. La pili ni madini, ukubwa na hadhi ya kisheria. La tatu ni pesa inayotoka mfukoni unaponunua na ile inayorudi unapouza, na la nne ni jinsi ya kuipata na kuifikisha nyumbani. Utunzaji nimeuweka mwishoni, kwa kuwa shida zake ni zilezile kwa sarafu zote tatu.

Wimbo unavyoonekana kwenye chuma

Sarafu ya Queen, iliyosanifiwa na Chris Facey, haina uso wa mwanamuziki yeyote. Ina vyombo. Kuna gitaa la Brian May, lile alilolitengeneza pamoja na baba yake kwa mbao, zikiwemo zilizotoka kwenye meko ya zamani. Kuna gitaa la besi la John Deacon, ngoma ya Roger Taylor, na kipaza sauti cha Freddie juu ya kile kijiti chake kifupi ambacho hakikuwa na miguu. Juu ya vyote kuna kibodi ya piano, na hapo ndipo usanifu unapong'ara, kwa maana funguo zinazoonekana zimebonyezwa ni zile za mwanzo wa "Bohemian Rhapsody". Mtu anayejua piano anaweza kuisoma sarafu hiyo kwa vidole. Huo ndio wimbo wa mwaka 1975 uliokaa wiki tisa kileleni mwa chati za Uingereza, na ambao Mzanzibari yeyote anayeusikiliza kwa makini hushtuka kidogo anapolisikia neno "Bismillah" likitokeza katikati yake.

Upande wa kichwa una picha ya Malkia Elizabeth II, na wakusanyaji wengi walichekeshwa na ukweli kwamba kundi lenyewe linaitwa Malkia, hivyo sarafu ina malkia pande zote mbili. Utani huo hauwezi kurudiwa tena, kwani sarafu za Uingereza sasa zina kichwa cha Mfalme Charles III.

Sarafu ya George Michael imechukua njia nyingine. Sandra Deiana, aliyeisanifu, amemweka mwimbaji mwenyewe na miwani yake myeusi inayotambulika mara moja, kisha akaongeza noti za muziki za "Faith". Wimbo huo wa mwaka 1987 uliongoza chati za Marekani kwa wiki nne, na albamu yenye jina hilohilo ikamletea tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka. Hapa wimbo umeandikwa kama ambavyo ungeandikwa kwenye karatasi ya muziki, kwa hiyo anayesoma noti ataufuata, na asiyezisoma atabaki na uso na miwani. Kwa jicho langu usanifu huu unasomeka haraka kuliko ule wa Queen, ingawa hauna siri nyingi za kugundua ukiurudia mara ya pili.

Robo dola ya Celia Cruz haina noti wala funguo za piano. Phebe Hemphill amemchonga mwimbaji akiwa na tabasamu pana, kipaza sauti mkononi na vazi la rumba lenye mikunjo, na ubavuni ameandika neno moja tu: "¡AZÚCAR!", yaani sukari. Hilo si jina la wimbo. Ni ukelele aliokuwa akiutoa katikati ya nyimbo zake, na inasimuliwa kwamba ulianzia Miami, pale mhudumu alipomuuliza kama kahawa yake itiwe sukari, naye akashangaa Mkuba anawezaje kuulizwa swali la namna hiyo. Aliyewahi kusikia wimbo wake "Quimbara" akiliona neno hilo kwenye chuma hahitaji noti, kwa kuwa sauti inakuja yenyewe.

Watu wa pwani hawapaswi kuona ajabu kwamba maneno yenye mapigo yanaandikwa kwenye sarafu. Masultani wa Kilwa walifua sarafu za shaba karne nyingi zilizopita ambazo maandishi ya upande mmoja yalikuwa na vina vinavyolingana na jina la sultani lililoandikwa upande wa pili, hivi kwamba ukiigeuza sarafu ulikuwa unaumaliza ubeti.

Madini, ukubwa na hadhi ya kisheria

Sarafu za Queen na George Michael ni ndugu wa tumbo moja. Toleo la kawaida la kila moja ni la mchanganyiko wa shaba na nikeli, lina upana wa milimita 38.61 na uzito wa gramu 28.28, kiasi kwamba ukilishika mkononi unalihisi. Thamani yake iliyoandikwa ni pauni 5. Juu ya toleo hilo kuna matoleo ya fedha safi na ya dhahabu, mengi yakiwa ya aina inayoitwa prufu, ambapo sarafu hupigwa zaidi ya mara moja kwa mihuri iliyong'arishwa hadi uwanja wake uwe kama kioo na picha ionekane kama imemwagiwa ukungu mwembamba. Toleo la fedha la aunsi 1 limeandikwa pauni 2, jambo linalowakanganya wanaoanza, kwani ndilo ghali kuliko la pauni 5. Thamani iliyoandikwa na bei ya sarafu ya kukusanya ni vitu viwili visivyofuatana.

Kisheria zote hizo ni pesa halali ya Uingereza, lakini maana yake ni finyu kuliko inavyosikika. Hakuna duka wala benki inayolazimika kuipokea pauni 5 ya Queen, na anayedhani ataitumia siku akikwama njiani ajiandae kubishana na mwenye duka, kisha kushindwa. Faida ya hadhi hiyo iko kwingine: mkazi wa Uingereza akiuza sarafu halali ya nchi hiyo kwa faida, hatozwi kodi ya ongezeko la mtaji. Kwa aliyenunua toleo la shaba na nikeli kodi hiyo ni hadithi tu, bali kwa aliyenunua la dhahabu ni jambo la kuzingatia.

Robo dola ni mnyama mwingine kabisa. Ina upana wa milimita 24.26 na uzito wa gramu 5.67, kiini chake ni shaba na ngozi yake ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, na inatumika kama robo dola nyingine yoyote. Upande wa kichwa una George Washington aliyechongwa na Laura Gardin Fraser, kwa usanifu uliopendekezwa mapema miaka ya 1930 na kukataliwa, ukaja kutumika mwaka 2022 mfululizo wa robo dola za wanawake mashuhuri ulipoanza. Celia Cruz ni wa kumi na nne katika mfululizo huo. Anayetaka kitu kizito zaidi anaweza kutafuta toleo la fedha safi lililofuliwa San Francisco, ambalo lina herufi S, ingawa si kila yenye S ni ya fedha. Zile za mitaani zina P ya Philadelphia au D ya Denver.

Pesa inayotoka na pesa inayorudi

Hapa ndipo watu wengi huumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Toleo la kawaida la Queen liliuzwa pauni 13 lilipotoka, na lile la George Michael lilizidi hapo. Yaani tangu siku ya kwanza mnunuzi alilipa zaidi ya mara mbili ya thamani iliyoandikwa, na chuma chenyewe hakifiki hata thamani hiyo. Tofauti hiyo ni malipo ya usanifu, kasha, na raha ya kumiliki. Inaweza kurudi siku ya kuuza iwapo kuna mpenzi mwingine wa muziki huo anayeitafuta, na inaweza isirudi. Sarafu za shaba na nikeli za Uingereza zenye mada maarufu hufuliwa kwa wingi, na kitu kilicho kwa wingi hakiwi adimu kwa sababu tu miaka imepita.

Matoleo ya fedha na dhahabu yana sakafu: bei haiwezi kushuka chini sana ya thamani ya madini yaliyomo. Hata hivyo, prufu huuzwa kwa bei iliyo juu sana ya madini, na nchini Uingereza sarafu ya fedha hubeba pia kodi ya VAT ya asilimia 20, hivyo bei ya fedha duniani inapaswa kupanda sana kabla mnunuzi hajarudisha alichotoa. Anayetaka kuweka akiba katika fedha kama madini anunue aunsi za kawaida zenye bei inayokaribia ile ya madini, na nyimbo azisikilize redioni. Prufu ya mwimbaji inanunuliwa na anayempenda mwimbaji.

Robo dola ya Celia Cruz inashinda mahesabu haya yote kwa unyonge wake. Ukiipata kwenye chenji, hasara kubwa kabisa unayoweza kuipata ni senti 25, na hata hizo unaweza kuzitumia. Tahadhari moja tu: wako wauzaji wanaoitangaza robo dola ya kawaida kuwa adimu na kuitaka bei ya mara kumi au zaidi. Sarafu hiyo ilifuliwa kwa mamilioni. Iliyo safi kabisa, isiyopita mikononi mwa watu, inastahili nyongeza kidogo, wala si utajiri.

Kuipata na kuifikisha nyumbani

Kwa aliye Uingereza, sarafu za Royal Mint hazina shida, isipokuwa kwamba ile ya Queen imeshapitwa na miaka na mnunuzi wa leo hutegemea zaidi wauzaji wa sarafu na minada. Aliye Marekani ana nafasi ya kukutana na Celia Cruz kwenye droo ya pesa ya duka lolote, na kwa wenzetu wanaoishi huko hiyo ndiyo raha ya pekee ya mfululizo huo: unafungua kiganja, unakuta mwimbaji.

Aliye Dar es Salaam, Mombasa, Muscat au Bukavu ana hesabu tofauti. Gharama ya kusafirisha sarafu moja ya shaba na nikeli inaweza kukaribia bei ya sarafu yenyewe, tena forodha huweza kudai kodi yake, na huduma nyingi za posta hazikubali sarafu wala madini ya thamani ndani ya barua ya kawaida isiyo na bima. Njia ambayo wengi huitumia ni ndugu anayekuja likizo. Ni njia nzuri mradi sarafu ibaki ndani ya kasha lake na isiingizwe mfukoni pamoja na funguo, na kama ni ya dhahabu, msafiri aende na risiti na aulize mapema kanuni za forodha za nchi anayoingia.

Ukinunua kwa mtu usiyemjua, omba picha za pande zote mbili na za ukingo, pamoja na uzito wake kwenye mizani. Sarafu ya pauni 5 iliyopungukiwa gramu mbili ina maelezo yake, na maelezo hayo hayatakufurahisha.

Utunzaji, hasa kwa walio pwani

Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, na vyote viwili ni maadui wa chuma. Shaba na nikeli huvumilia zaidi, ilhali fedha huanza kuwa ya manjano kisha nyeusi, hasa ikikaa karibu na mpira, sufu au kadibodi za hali ya chini, ambazo hutoa salfa. Iache sarafu katika kibonge chake cha plastiki ngumu, weka pakiti ndogo ya silika ya kunyonya unyevu ndani ya sanduku, na uepuke mifuko laini ya plastiki ya PVC, kwani baada ya muda huacha utelezi wa kijani unaokula uso wa sarafu. Ukilazimika kuishika, ishike kwa ukingo.

Usiisafishe. Si kwa dawa ya meno, si kwa ndimu, si kwa majivu. Sarafu iliyosuguliwa humetameta kwa siku chache na hupoteza thamani moja kwa moja, kwa sababu mikwaruzo midogo haifutiki. Kwa upande huu prufu ndiyo dhaifu zaidi: alama moja ya kidole kwenye uwanja wake wa kioo inaweza kubaki milele. Robo dola haidai heshima yote hiyo, na ndiyo pekee kati ya tatu ambayo mtoto anaweza kukabidhiwa bila mzazi kushika moyo.

Kila moja inamfaa nani

Sarafu ya Queen inamfaa anayependa kusoma kitu polepole, mpiga piano au gitaa, na bila shaka Mzanzibari anayetaka kumbukumbu ya mtoto wa Shangani aliyefika mbali. Akumbuke tu kwamba sura ya Freddie haimo. Anayeitaka sura hiyo aelekee kwenye sarafu ya Freddie Mercury peke yake, ambayo Royal Mint iliitoa mwaka 2025 ikimwonyesha katika pozi lake la jukwaani. Sikuiweka katika ulinganisho kwa sababu yenyewe inamkumbuka mtu zaidi ya wimbo, lakini kwa ukuta wa hoteli ya Mji Mkongwe huenda ndiyo ingefaa kuliko zote.

Sarafu ya George Michael inamfaa aliyekua na redio ya miaka ya 1980 na anayetaka zawadi ambayo mpokeaji ataielewa papo hapo. Inamfaa pia anayeanzisha mkusanyiko wenye kichwa cha Mfalme Charles III na asiyetaka kuhangaika na minada. Robo dola ya Celia Cruz inamfaa mwanafunzi, mwalimu, mpenzi wa muziki wa dansi wa Kongo anayejua jinsi rumba ilivyovuka bahari kwenda na kurudi, na yeyote ambaye bado hana uhakika kama ukusanyaji utamkaa.

Uamuzi kwa hali yako

Kama bajeti yako haizidi bei ya chakula cha mchana na una mtu Marekani, mwombe akutunzie robo dola mbili za Celia Cruz, moja yenye P na nyingine yenye D, na gharama yako imekwisha. Kama unatafuta zawadi ya harusi au ya kustaafu kwa mpenzi wa muziki, toleo la kawaida la pauni 5 ndani ya kasha lake linatosha, na uchaguzi kati ya Queen na George Michael uuachie wimbo ambao mpokeaji huuimba akiwa jikoni, kwa kuwa vipimo na hadhi ya sarafu hizo mbili ni sawasawa.

Kama unataka fedha safi na unaishi pwani, jiulize kwanza utaihifadhi wapi, kisha ndipo uulize bei. Kama una pesa ya dhahabu, usinunue kabla ya kuuliza wauzaji wawili wangekupa kiasi gani iwapo ungewarudishia sarafu hiyohiyo kesho yake. Tofauti watakayokutajia ndiyo bei halisi ya jina la mwimbaji. Na kama umevutwa na Freddie lakini hujaamua kati ya sarafu ya kundi na ile yake peke yake, weka picha za zote mbili mbele ya macho, ziangalie wimbo ukiendelea kucheza, kisha uone jicho linatua wapi piano inapoingia.